Lubumbashi: Hesabu mizunguko ya nati kabla ya kuweka spesa

LUBUMBASHI – Ni kipande cha chuma au cha aluminiamu, cha duara kama sahani, chenye tundu kubwa katikati na matundu madogo pembeni. Kinawekwa kati ya kitovu cha gurudumu na janti, kisha janti inafungwa juu yake. Kazi yake ni moja tu: kulisogeza gurudumu nje. Wauzaji wa vipuri wanakiita spesa, na wenye kupenda Kifaransa wanakiita elarjisere. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na mpira mpya, na dereva anaweza kukifunga mwenyewe kando ya barabara. Ndiyo sababu kinapendwa, na ndiyo sababu habari yake inawahusu hata watu wasio na gari, wale wanaopanda taksi kila asubuhi.

Dereva mmoja wa komine ya Ruashi anaijua habari hiyo kuliko wengi. Alitoka upande wa Mitwaba, eneo ambalo pamoja na Manono na Pweto watu walizoea kuliita pembetatu ya kifo, kwa sababu ya vita vya Mai-Mai na vijiji vizima kuhama. Huko alikuwa mkulima wa mahindi na mihogo. Alipofika Lubumbashi na mke na watoto watano, alilala kwanza kwa shemeji yake, akabeba mizigo sokoni, halafu akawa kuli wa magari makubwa. Baada ya muda ndugu watatu wakachanga feza, wakanunua Toyota Noah iliyokwisha kutumika Japani, kama magari mengi ya mji huu yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na kupita Zambia mpaka Kasumbalesa.

Gari hilo ndilo shamba lake sasa. Kila jioni feza inagawanywa juu ya meza: ya mafuta, ya kodi ya nyumba, ya minervale ya watoto, na kidogo cha kuwarudishia ndugu waliochanga. Siku gari isipotembea, nyumbani bukari inapungua.

Matatizo yalianza na mambo mawili. La kwanza lilikuwa maneno ya wenzake kituoni. Walimcheka kwamba gari lake lina miguu myembamba, magurudumu yamejificha ndani kama kuku aliyenyeshewa na mvua. La pili lilikuwa mzigo. Abiria wake wengi ni watu waliohama makwao kama yeye, na mtu aliyehama hasafiri na mkoba tu. Anasafiri na gunia la unga, mafurushi ya nguo, sufuria, na mara nyingine gunia la makala juu ya paa. Gari likipita kwenye mashimo liliyumba, naye akasikia kwa watu kwamba gari pana haliyumbi.

Sokoni akapata janti nne za aluminiamu, kubwa na pana, zilizotoka kwenye gari la aina nyingine. Matundu matano yaliingia vizuri kwenye buloni zake. Tatizo ni kwamba mpira uligusa amotisere kwa ndani. Muuzaji hakukosa jibu. Alitoa vipande vinne vya milimita 10 akasema: “Hii itakamata muzuri, mukubwa. Bote banaweka.” Siku ileile gari likapata miguu mipana, na kituoni hakuna aliyecheka tena.

Wiki mbili zikapita bila shida. Siku moja asubuhi, akiwa na abiria saba kuelekea katikati ya mji, akaanza kusikia sauti nyuma upande wa kushoto: ko, ko, ko. Alipopunguza mwendo sauti ilipungua, alipoongeza iliongezeka. Kwanza alifikiri ni jiwe limeingia kwenye mpira. Kisha usukani ukaanza kutetemeka. Akasimama pembeni, akashuka, akashika nati moja kwa mkono. Ilizunguka kwa vidole. Ya pili nayo ikazunguka. Ya tatu haikuwapo kabisa, wala buloni yake. Ilibaki ncha iliyokatika.

Mama mmoja aliyekuwa kiti cha nyuma na mtoto mgongoni akauliza: “Papa, tushuke?” Akamjibu: “Mushuke, mama.” Akawarudishia wote nauli yao. Yule mama alishusha gunia lake la unga, akaliweka kichwani, akaenda kwa miguu. Dereva alibaki ameketi juu ya jiwe akitazama gurudumu.

Alimwita mzee mmoja, mkereza chuma wa mtaa wa Kenya aliyejifunza kazi zamani katika karakana za reli. Lubumbashi ina bahati ya kuwa na wazee wa namna hiyo. Ni mji wa shirika la reli la SNCC na wa Gécamines, na mikono iliyozoea kupima chuma kwa sehemu za milimita bado ipo, hata kama siku hizi inafanya kazi chini ya mabati matatu nyuma ya nyumba.

Mzee hakugusa kwanza gurudumu lililoharibika. Alienda kwenye gurudumu la mbele, lililokuwa bado zima, akampa dereva spana ya msalaba. “Mwana, tosha nati moja, lakini uhesabu kwa sauti.” Dereva akafungua akihesabu kila mzunguko. Moja, mbili, tatu, na kabla ya kufika nne nati ikamwangukia mkononi. Kisha mzee akamwambia atoe spesa, arudishe janti ya zamani iliyokuwa ndani ya gari kama akiba, afunge nati ileile na kuhesabu tena. Safari hii alifika kumi.

“Kwa tatu, unaweza kufunga mulango ya kuku,” mzee akasema. “Haiwezi kufunga batu munane.”

Hesabu hiyo haihitaji shule kubwa. Buloni za Toyota nyingi ndogo, pamoja na Noah, zina unene wa milimita 12, na meno yake yamepangwa kwa milimita 1.5. Maana yake kila mzunguko mmoja wa nati unaisogeza milimita moja na nusu. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike meno yenye urefu usiopungua unene wa buloni yenyewe. Milimita 12 ukigawa kwa 1.5 unapata mizunguko 8. Spesa ya milimita 10 isiyo na buloni zake yenyewe inakula karibu mizunguko 7. Hata ya milimita 5 inakula zaidi ya mitatu. Kwa hiyo aliyekuwa na mizunguko 10 akabaki na mitatu na kidogo, na nati tano za kila gurudumu zikawa zinashika kwa ncha za vidole.

Wengi hudhani kwamba buloni hubeba gari kama msumari unavyobeba sufuria ukutani. Sivyo. Nati zikikazwa vizuri, zinaibana janti juu ya kitovu kwa nguvu kubwa sana, na msuguano wa chuma kwa chuma ndio unaozuia gurudumu lisicheze. Buloni inavutwa tu, haikatwi. Anayejua kufunga makala juu ya baiskeli ataelewa upesi. Kamba ikiwa imekazwa, gunia linakuwa kitu kimoja na baiskeli. Kamba ikilegea kidogo, gunia linaanza kucheza, na kule kucheza ndiko kunakoikata kamba. Dereva alijitetea kwamba siku ya kwanza nati hazikulegea. Mzee akajibu: “Hata kamba ya makala hailegei siku ya kwanza.”

Halafu mzee akatoa kipimo chake akapima tundu la katikati. Kitovu cha Noah kina ukingo wa duara wenye upana wa milimita 60.1, na janti yake ya asili inakaa juu ya ukingo huo bila nafasi. Janti za sokoni zilikuwa na tundu la milimita 67.1, kipimo cha magari ya Mitsubishi. Matundu matano yalilingana kwa sababu Toyota, Mitsubishi, Nissan na Honda wana magari mengi yenye nafasi ileile ya buloni, milimita 114.3. Lakini kitovu cha kila mmoja ni tofauti, na kulingana kwa matundu matano kumewadanganya madereva wengi. Kati ya kitovu na janti kulikuwa na nafasi ya milimita 7, na spesa yenyewe ilikuwa na tundu pana vilevile. Hakuna kilicholiweka gurudumu katikati isipokuwa nati. Mtetemeko wa usukani ulianzia hapo.

Kulikuwa na kosa la tatu. Nati za janti za asili za aluminiamu za Toyota nyingi zina shingo iliyonyooka na rondele bapa chini yake. Janti za sokoni zilikuwa na matundu yenye umbo la koni, yanayotaka nati zenye kichwa cha koni. Nati bapa juu ya tundu la koni inagusa ukingo mwembamba tu. Hata ukiikaza mpaka jasho likutoke, baada ya siku chache ule ukingo unalika na nati inakuwa huru.

Swali la dereva lilibaki: je, gari pana haliyumbi? Mzee hakukataa kabisa. Gurudumu likisogea nje, gari linapata msingi mpana kidogo. Lakini kiasi gani? Umbali kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia wa gari kama hilo ni karibu mita moja na nusu. Spesa ya milimita 10 kila upande inaongeza sentimeta 2. Hata ukiweka za milimita 20 unaongeza sentimeta 4, chini ya 3 kwa mia. Gunia moja la makala ukilitoa juu ya paa na kuliweka chini kwenye sakafu ya gari linasaidia kuliko spesa hizo, na halina gharama. Kwa gari lililochoka, amotisere zilizokufa na mipira isiyo na upepo wa kutosha ndivyo vinavyoliyumbisha. Yule dereva alikuwa ametumia feza kutibu mguu wakati ugonjwa ulikuwa mgongoni.

Na upana huo una malipo yake. Rulema, yaani beringi ya gurudumu, imetengenezwa kubeba uzito mahali fulani. Ukiusogeza uzito nje, unaifanya kama mtu anayebeba ndoo ya maji kwa mkono ulionyooshwa badala ya kuishika karibu na mwili. Ndoo ni ileile, lakini bega linachoka upesi. Mbele, usukani unakuwa mzito, na kila shimo linaupiga mkono wa dereva. Nyuma, gari likijaa watu na kushuka, mpira unaanza kusugua madigadi. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili, tope linarushwa kwenye vioo na kwa watembea kwa miguu.

Hata hivyo spesa si mchawi. Kuna mahali inafanya kazi ya maana. Wanaotazama barabara ya Likasi wanazifahamu pikapu za Land Cruiser za mfululizo wa 70, zinazopendwa na makampuni ya migodi na mashirika ya misaada. Zile zenye injini ya dizeli ya V8, zilizoanza kutoka mwaka 2007, zilipanuliwa ekseli ya mbele ili injini hiyo iingie, lakini ekseli ya nyuma ikabaki ilivyokuwa. Tofauti ni karibu milimita 95. Kwenye mchanga na tope magurudumu ya nyuma hayafuati mfereji uliochimbwa na ya mbele, gari linasukumwa huku na huku. Wenye magari hayo wengine waliweka spesa nyuma kusahihisha jambo ambalo kiwanda kiliacha.

Lakini nchi zenye magari hayo hazikulichukua jambo hili kirahisi. Australia, ambako pikapu hizo ni nyingi, kanuni za kurekebisha magari haziruhusu spesa kati ya kitovu na gurudumu barabarani, isipokuwa zile zilizowekwa na kiwanda. Ujerumani wanaruhusu, lakini spesa iwe na cheti na gari lipitishwe kwa mkaguzi. Porsche wenyewe wamewahi kuuza baadhi ya magari yao yakiwa na spesa nyembamba za kiwandani, zikiwa na buloni ndefu zinazolingana nazo. Mahali popote spesa inapokubaliwa, kuna mtu aliyepima buloni, tundu la katikati na uzito wa gari kabla ya dereva kupanda.

Lubumbashi mkaguzi huyo mara nyingi ni dereva mwenyewe. Basi mzee alimwachia masharti, na mafundi wengine waliokuwa wamesimama pale wakayasikia.

Kama ni lazima kuweka spesa, iwe ile nene, kuanzia milimita 20 au 25, inayofungwa kwanza kwenye kitovu kwa nati zake, kisha yenyewe ina buloni zake za kushika janti. Hiyo haili meno ya buloni za gari. Ubaya wake ni kwamba nati za ndani hazionekani tena. Bila kutoa gurudumu huwezi kujua kama zimelegea. Spesa nyembamba isiyo na buloni zake inakubalika tu kama buloni za gari zimebadilishwa na kuwekwa ndefu zaidi, mpaka nati ishike mizunguko 8 au zaidi.

Tundu la katikati lilingane na kitovu cha gari, na ukingo wa spesa ulingane na tundu la janti. Vipande viwili visipangwe kimoja juu ya kingine. Kipande kilichokatwa kwa moto kutoka bamba lolote la chuma kisitumike, maana pande zake mbili hazilali sawa, na kisicholala sawa hakibani. Kutu na tope juu ya kitovu vifutwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kwa sababu kutu ikisagika, nati inalegea bila mtu kuigusa.

Kukaza kufanywe kwa msalaba, nati moja kisha ile iliyo mbali nayo, wala si kwa kuzunguka. Kwa Toyota ndogo kipimo cha kiwanda ni nyutoni-mita 103. Asiye na spana ya kipimo anaweza kukisia: ni kama uzito wa kilo 21 ukining’inia mwisho wa spana yenye urefu wa nusu mita. Kuruka juu ya spana kwa miguu miwili kunapita kipimo mara nyingi, na buloni iliyovutwa kupita kiasi inakuwa na ufa usioonekana. Baada ya kilomita 50 mpaka 100, nati zikazwe upya. Anayeondoka Lubumbashi kwenda Kasumbalesa, karibu kilomita 90, akifika asimame na kujaribu kila nati kabla ya kugeuza gari.

Dereva wa Ruashi hakutaka hata spesa nene. Alirudisha janti zake za zamani, nyembamba kama zilivyokuwa. Alinunua buloni tano za gurudumu la nyuma, kwa sababu moja ikikatika zile nyingine nazo zimeshaumia, na akabadilisha rulema iliyokuwa imeanza kulia. Janti pana aliziuza kwa hasara, akamweleza mnunuzi ni za gari gani na tundu lake ni kiasi gani. Siku nne gari halikutembea. Siku hizo nne mke wake aliuza maandazi, na ndugu waliochanga wakaambiwa wangoje mpaka mwisho wa mwezi.

Kituoni wenzake walirudi kumcheka kwa siku mbili. Siku ya tatu mmoja wao alikuja kuazima spana ya msalaba, akaenda pembeni, na watu wakamsikia akihesabu kwa sauti ya chini. Alifika tano.

Kwa wasikilizaji wanaopanda tu, kuna mambo ambayo macho na masikio yanaweza kuona bila kuwa fundi. Tazama gurudumu kabla ya kuingia: kama mpira umetoka nje kupita madigadi, uliza. Tazama nati: kama moja haipo, au kama kuna michirizi ya kutu inayotoka chini ya nati kama machozi, gurudumu hilo limeanza kucheza. Ukiwa ndani, sauti ya ko-ko-ko inayofuata mwendo wa gari si ya kuvumilia mpaka mwisho wa safari. Mwambie dereva kwa heshima, “Papa, sikiliza nyuma.” Dereva mwenye akili hatakasirika. Na akikasirika, shuka, hata kama gunia la unga ni zito na njia ni ndefu.